Pedali ya breki ikizama, usikimbilie masta silinda

Wenye pikapu kuukuu hutujia gereji na ombi moja: "Nibadilishieni masta silinda, breki inazama." Tukiiingiza gari shimoni, mara nyingi masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, iko sawa. Mafuta ya breki yanavujia nyuma, kwenye paipu ya chuma iliyofuata chesisi na kupita juu ya tangi, mahali usipopaona mpaka ulale chini na tochi.

Nairobi haina bahari, ndiyo maana wengi hawafikirii kutu. Lakini Hilux au Hardbody ya zaidi ya miaka 20 huenda ilifanya kazi Mombasa kabla ya kuuzwa huku, au imebeba samadi, mbolea na chumvi ya ng'ombe miaka nenda miaka rudi. Tope la shambani hujishindilia kwenye vishikio vya paipu na kukaa na unyevu, na hapo ndipo kutu huanzia. Ndani nako, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. Yabadilishe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama yanaonekana masafi.

Paipu hiyo kwa kawaida ina unene wa milimita 4.75 tu. Itavumilia foleni ya Jogoo Road, kisha ipasuke siku umekanyaga kwa nguvu, unateremka kuelekea Mai Mahiu na saruji nyuma. Pikapu nyingi zina mifumo miwili ya breki, wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo utabaki na breki za mbele, ila pedali itakwenda chini kabisa na gari litachelewa kusimama.

Kuna ujanja unaotuudhi sana: paipu ya gurudumu linalovuja inakunjwa, inapigwa nyundo, gari linarudishwa barabarani na breki tatu. Ukikanyaga linavuta upande. Kataa, hata fundi akisema ni ya kukufikisha nyumbani tu. Kataa pia kuchomelea, na kataa paipu ya shaba tupu ya friji, mtikisiko huipasua.

Sisi hubadilisha paipu nzima, kiungio hadi kiungio, kwa shaba iliyochanganywa na nikeli, kisha tunatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, gurudumu kwa gurudumu. Ya kulia ikiwa imeoza, ya kushoto nayo tunaikagua. Huwa haiko mbali na kuoza.

Lete gari bila mzigo, chesisi ikiwa imeoshwa. Bei tunaitaja tukishaona paipu, si kwa simu. Kama pedali tayari inazama, au ndani ya gurudumu kumelowa, usiliendeshe. Livutwe.