Ukomunisti haudai jembe lako

Ndugu Mhariri,

Vijiweni hapa Dodoma, Ujamaa na ukomunisti hupakuliwa sahani moja. Sivyo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliujenga Ujamaa juu ya undugu, akakataa kuanzia kwenye uhasama wa matabaka. Marx na Engels, wanafikra wa Kijerumani wa ukomunisti, walianzia hukohuko alikokataa yeye.

Wala hawakuwa wa kwanza. Mwanamapinduzi Babeuf alikatwa kichwa Ufaransa mwaka 1797 kwa njama ya kuleta usawa. Ilani ya Kikomunisti ya Marx na Engels, iliyochapwa London Februari 1848, ina madai 10. La kwanza linafuta umiliki binafsi wa ardhi; la pili ni kodi inayopanda kadiri kipato kinavyopanda (ndiyo, hata mishahara yetu hukatwa hivyo). Jembe lako na kitanda chako havimo. Inalenga mali inayotumika kuvuna jasho la mwingine.

Hapo wengi huteleza. Tuseme kibarua wa shamba la zabibu analipwa shilingi 10,000 kwa saa 8. Kama saa 5 za kwanza zimeshazalisha thamani ya 10,000 hiyo, saa 3 zilizobaki ni thamani ya ziada, na inakwenda kwa mwenye shamba. Hakupunjwa ujira waliopatana, wala bei haikupandishwa sokoni. Faida imezaliwa shambani, kabla kreti halijapakiwa. Hesabu hiyo Marx aliichapisha kwa kina mwaka 1867. Anayedhani aliwalaumu walanguzi tu amesoma nusu.

Walimu wa historia,
Dodoma