Darubini ya saa nne asubuhi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa mwalimu mpya wa fizikia, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Nilishastaafu nikasema sasa ninyamaze. Ila ile habari yenu ya sayansi kufika kusini imenitoa mkekani.

Unaikumbuka. Mlianza na lile shirika la Marekani lisilotafuta faida, AUI, lililoundwa na vyuo vikuu tisa mwaka 1946, ambalo leo linasimamia antena 27 za VLA, mtambo wa kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, kule New Mexico na darubini ya redio ya Green Bank, West Virginia, yenye sahani ya upana wa mita 100. Mkaeleza kuwa wanafunzi wa sekondari wa huko walipewa data za darubini hiyo wazichambue wenyewe, na wengine wakagundua pulsa, yale mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi huku yakitupa mawimbi kama taa ya mnara wa bandarini. Hapo sina ugomvi. Kilichonichoma ni aya ya mwisho, mlipodai mashirika ya hapa nayo hayako nyuma, mkabandika na picha ya watoto wa Mtwara wamezunguka darubini.

Siku inapigwa picha ya namna hiyo mimi nilikuwepo, nyuma ya mpiga picha, nimemshikia mwavuli. Wageni walifika saa nne asubuhi. Saa nne, Mhariri! Jua la Mtwara limeshawaka kama tanuri, wao wanakuja kuonyesha nyota. Magari mawili, bango la kuziba mlango mzima wa darasa, fulana, maji ya chupa. Darubini ikatolewa kwenye sanduku lenye sponji, ikasimamishwa chini ya mwembe. Nikauliza kwa adabu, jamani, mchana huu watoto wataona nini? Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaniambia, "Mwalimu, leo ni uhamasishaji tu." Wakaielekeza kwenye mnazi wa jirani. Kidato cha tatu wakapanga foleni, kila mmoja sekunde tano. Binti mmoja akachungulia, akanigeukia macho yamemtoka: "Mwalimu, mnazi umepinduka!" Sikuulizwa jambo zuri kama hilo mwaka mzima ule. Lenzi mbinuko mbili, taswira kichwa chini miguu juu, kipindi kizima ningekimaliza pale pale chini ya mwembe. Nikafungua mdomo. Yule kijana akasema muda hautoshi, kwanza picha ya pamoja. Ikapigwa. Wakala pilau iliyopikwa kwa hela ya shule, wakaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba tuendelee kuipenda sayansi, darubini ikarudi sandukuni, sanduku likarudi garini. Saa saba walikuwa wanaulizia panapouzwa pweza. Darubini hatukuiona tena. Fulana zipo, wazazi wanazivaa wakipulizia mikorosho salfa.

Wale wa Green Bank, serikali yao ilitenga mwaka 1958 eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000 ili mawimbi ya redio yasiwasumbue wanaosikiliza anga. Sisi tunaotaka kuangalia kwa macho, giza tunapewa bure kila umeme ukikatika. Na hilo nalo niliseme, maana limenikaa kooni. Gesi inatoka Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Katika maabara niliyofundishia, maji ya majaribio ya joto tulichemshia kwenye jiko la mkaa la mama wa chapati, na tulilazimika kusubiri amalize kuuza ndipo tuliazime. Kitabuni kuna mchoro wa kichomeo cha gesi cha Bunsen. Nimeuchora ubaoni kila mwaka, nao wakauchora kwenye madaftari, hakuna aliyewahi kukigusa.

Kwa hiyo waandaaji wa ziara nawaomba hivi. Waje Juni, mvua zimeisha, siku mwezi umeandama tu, baada ya sala ya isha, wakati Msalaba wa Kusini umesimama upande wa kusini. Nyota hizo mtu wa Green Bank akiwa kwao hazioni maisha yake yote. Mtoto wa Msanga Mkuu anaziona akiwa amelala jamvini. Walale, wasiwe na haraka ya pweza. Kama darubini haiwezi kubaki, watuachie lenzi mbili tu, bomba la plastiki tutakata wenyewe. Bango lisizidi upana wa kanga moja. Mpiga picha yeye aje kesho yake saa nne asubuhi, tutamwonyesha mnazi.

Mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara