Kuhesabu Seli za Kinga katika Damu Iliyosafiri kutoka Pemba

Madaktari na watafiti wanaotuletea sampuli kutoka Micheweni, Wete na Mkoani hutuuliza mara kwa mara iwapo damu iliyokaa njiani siku 3 bado inaweza kuhesabiwa seli zake za kinga. Kwa njia iliyozoeleka, jibu huwa ni hapana, au huwa ni kwa shida kubwa. Mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza huzitambua kwa alama zilizo juu ya utando wake, baada ya alama hizo kushikwa na kingamwili zilizotiwa rangi, na kwa sababu hiyo seli hapana budi ifike ikiwa nzima. Damu iliyotolewa asubuhi, ikasafiri katika joto, kisha ikangoja bandarini Mkoani kwa kuwa upepo wa kusi umekaza na boti imeahirishwa, hufika Unguja seli nyingi zikiwa zimekwisha pasuka. Tena seli za aina mbalimbali hazifi kwa kasi moja, kwa hiyo hata uwiano wa zile zilizobaki hauaminiki. Tuliwahi kupokea kasha zima la vichupa vya namna hiyo, na ilituuma kumwambia mteja kwamba watu wake walichomwa sindano bure.

Kinachodumu zaidi ni vinasaba, na kwa hivyo huduma yetu huhesabu seli za kinga. Kila seli yenye kiini katika mwili wa mtu hubeba takriban vinasaba vile vile, lakini kila aina ya seli ina sehemu zake zilizofungwa na sehemu zake zilizo wazi. Moja ya alama za kufunga ni metili, kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa juu ya saitosini, mojawapo ya herufi nne za vinasaba, hasa pale inapofuatwa na herufi nyengine, guanini. Katika seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, eneo fulani la jeni za CD3 halina metili, ilhali katika seli nyengine eneo hilo hilo limefungwa. Alama hiyo hubaki hata seli ikishapasuka, ikigandishwa, au ikikaukia kwenye karatasi.

Maabara tunayoshirikiana nayo huvitia vinasaba katika kemikali iitwayo baisalfaiti, ambayo hugeuza saitosini isiyo na metili kuwa urasili na kuiacha yenye metili kama ilivyo. Njia hii imetumika kusoma metili tangu mwaka 1992. Kisha PCR, njia ya kuzidisha nakala za vinasaba ili zipimike, huhesabu nakala zilizo wazi na kuzilinganisha na jeni ambayo haina metili katika seli zote, na hapo hupatikana sehemu ya seli T katika seli zote zenye viini. Chembe nyekundu za mtu mzima haziingii katika hesabu, kwa kuwa hazina kiini. Damu ya kitovu cha mtoto ni jambo jengine: ndani yake zimo chembe nyekundu changa ambazo bado zina viini, na anayetumia vigezo vya watu wazima kwa damu hiyo atapotoka. Wakunga wanaotukusanyia sampuli tunawaomba sana waandike wazi kwamba damu ni ya kitovu.

Fomu yetu huuliza pia jinsia, na wapo waliodhani ni udadisi tu. Seli T dhibiti, zinazotuliza kinga isiushambulie mwili wenyewe, hutambuliwa kwa eneo la jeni ya FOXP3, na jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na katika kila seli moja kati yake imenyamazishwa, hivyo seli yake dhibiti huonyesha nakala moja tu iliyo wazi kati ya mbili. Hesabu ikilinganishwa na nakala zote za FOXP3, jibu la mwanamke huzidishwa kwa 2. Kosa la kalamu katika kisanduku hicho hulifanya jibu liwe mara mbili au nusu ya lile la kweli.

Huduma hii haichukui nafasi ya kipimo cha CD4 cha hospitali, kinachohesabu seli T zinazoharibiwa na VVU. Mgonjwa anayeishi na VVU, ambaye daktari anataka kujua upesi iwapo ameshuka chini ya seli 200 kwa mikrolita, apelekwe kwenye mashine ya kawaida, na tutakuwa wa kwanza kumshauri hivyo. Metili haisemi iwapo seli ilikuwa hai wala iwapo ilikuwa imeamka kupambana. Aidha, hutoa uwiano. Idadi kwa mikrolita hupatikana tu pale ujazo wa damu unapojulikana kwa uhakika.

Kwa damu ya maji, tumieni kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kwani heparini, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo katika vichupa vya namna nyengine, huizuia PCR. Kwa damu kavu, jazeni duara la kadi kwa tone moja bila kurudia juu yake. Karafuu huanikwa juani, lakini kadi ya damu ilazwe kivulini mahali penye hewa, kwa muda usiopungua saa 3, na wakati wa masika iachwe hadi siku ya pili, ndipo itiwe katika mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Andikeni saa ya kutoa damu na saa ya kufunga mfuko. Kadi iliyofungwa ikiwa mbichi huota ukungu, na tukiuona tutaomba sampuli nyengine kabla ya kupokea malipo.