Mgeni mpe swali, usimpe mada

Lubumbashi, mwezi wa tano

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote wa nyumbani. Nimesikia wamekuweka kwenye protokole ya klabu yenu ya Rotary kuanzia tarehe 1 Julai, na kwamba wageni wa kusema pamoja na jioni za kukaa pamoja vimekuangukia wewe. Hongera, na pole pia. Mambo haya kwa simu yanapotea, ndiyo maana nakuandikia, karatasi ibaki mfukoni.

Nianze na mgeni wa kusema, maana hapo ndipo klabu nyingi hujikwaa. Wanamwita daktari, wanamwambia, "Uje utuzungumzie afya." Afya ni bahari. Daktari wa watu anakuja na slaidi 60 za darasani, anazisoma moja moja, saa nzima inapita, na nusu ya wanachama wako kwenye simu. Kosa si lake. Mgeni mpe swali, usimpe mada. Mwandikie hivi: "Kwa nini visima vya mitaani vinachafuka mvua zikianza, na mwenye kisima afanye nini kabla ya Novemba?" Hapo anajua aanzie wapi na aishie wapi. Akijibu kwamba swali hilo si la fani yake, umeshapata faida, unatafuta mwingine mapema.

Tena mwombe alete kitu cha kushika. Kama anazungumzia kipindupindu, aoneshe maji ya kumnywesha mgonjwa pale pakiti za dawa zinapokosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, kila kijiko kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Watu waone chumvi inavyopimwa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua kijiko cha kulia badala ya cha chai, au wanakirundika, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kazi yote ni dakika 3. Hakuna slaidi itakayofanya hivyo.

Barua ya mwaliko itoke wiki 4 mbele, simu wiki 1 mbele, ujumbe mfupi siku moja kabla. Ndani ya barua weka tarehe, mahali na alama ya kufikia (jina la avenyu peke yake halitoshi, taja duka au kanisa la jirani), idadi ya wasikilizaji, lugha, na nani atampokea mlangoni. Mwambie wazi kwamba halipwi, asije akakaa na hesabu nyingine kichwani. Siasa za vyama na kuuza bidhaa haviingii: hilo liandike kwa adabu, lakini liandike. Kuhusu lugha, slaidi zikiwa za Kifaransa si neno, mdomo useme Kiswahili. Mwombe pia mistari 5 ya kumtambulisha, na umwulize jina lake linatamkwaje. Wasifu wa kurasa 2 ukisomwa wote, umekula dakika zake.

Sasa saa. Kengele saa 12:30 jioni, kweli 12:30, hata kama mko watu 7. Klabu inayowangoja waliochelewa inawafundisha waliowahi kuchelewa nao. Dakika 5 za salamu na wageni, 15 za habari za klabu, halafu saa 12:50 mgeni anasimama. Mpe dakika 20, na mtu wa mbele amwoneshe kikaratasi zikibaki 5. Maswali dakika 15, shukrani 2, matangazo, kengele saa 1:30. Kwenye maswali, waandae wanachama wawili waulize kwanza, kwa sababu ukimya wa mwanzo unaua chumba. Usikusanye maswali matatu kwa pamoja, maana msemaji atajibu lile jepesi na kuyasahau mengine. Na yule mzee wenu ambaye swali lake huwa hotuba, unamjua, mpe yeye kazi ya kutoa shukrani. Dakika 2, aseme jambo moja alilojifunza, basi.

Ukimwalika meya au mkuu wa komine (sehemu ya mji), hesabu hiyo ivunje. Lazima atajwe wa kwanza katika salamu, huenda akachelewa, na akifika wote wanasimama katikati ya maneno ya mwingine. Siku hiyo usiweke msemaji mwingine.

Chakula kiletwe baada ya kengele ya mwisho. Kabla yake sukre (soda) na karanga zinatosha. Wahudumu waambiwe wasiingie saa 12:50 mpaka 1:10. Sahani moja ikianguka, msemaji amepotea njia. Viti pia vinataka akili. Wanachama wakiwa 24, kwa kawaida hufika 15 hivi, basi panga viti 16 kwa umbo la U na vingine virundike ukutani. Viti vitupu vinamwambia mgeni kwamba hamkumtaka.

Umeme utakatika, panga kana kwamba ni hakika. Jenereta ikae nyuma ya nyumba, mbali na madirisha, kwa kelele na kwa moshi. Projekta ya taa ya zamani iunganishwe kwenye ondulere, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ikizimika ghafla ikiwa moto, feni nayo inasimama, na taa inaungua kabla ya siku zake. Mwombe msemaji achapishe ukurasa 1 wa kugawa, giza likiingia aendelee nao. Chumba cha watu 20 hakihitaji maikrofoni. Mkiitumia, maboksi ya sauti yawe mbele ya msemaji, yakitazama watu. Yakiwa nyuma yake, sauti inarudi kwenye maikrofoni na kupiga mluzi.

Zawadi iwe fanioni (kibendera) ya klabu au kitabu. Makuta (pesa) ya usafiri yasitolewe mbele ya watu. Mweka hazina ampe pembeni kabla ya mkutano, na atie sahihi. Zikiwa dola, zikague. Noti yenye mpasuko wa kucha tu, dereva wa teksi ataikataa, na aibu itakuwa yenu.

Jioni za kukaa pamoja watu wanaziona mchezo, lakini klabu hizi zilianzia hapo. Paul Harris na wenzake watatu walipokutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, walikuwa wanatafuta urafiki kwanza. Jina Rotary lenyewe limetokana na kukutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule.

Makabidhiano yenu ya uongozi yanaangukia mwezi wa saba, na baridi ya usiku wa hapa unaijua. Anzeni saa 10 alasiri, saa 2 usiku watu wawe njiani. Mbabula (majiko ya makaa) ziwekwe uani. Mtu akitaka kuingiza moja chumbani na kufunga mlango, mkatalie hata kama ni rais wa klabu, maana hewa ya makaa inaua bila harufu.

Kwa michopo (nyama ya kuchoma), hesabu gramu 400 za nyama mbichi yenye mifupa kwa kila mtu. Mbuzi hai wa kilo 25 akichinjwa hubaki kama kilo 12, yaani watu 30. Ukiagiza kwa mchomaji, pimeni pamoja kabla ya moto, kwa sababu baada ya moto hakuna ushahidi. Unga wa bukari (ugali), kilo 1 kwa watu 6. Chupa tupu za kazie (kreti) zihesabiwe zikiingia na zikitoka, la sivyo mtalipa za jirani. Anayehesabiwa ni aliyelipa mchango siku 3 kabla. "Nitakuja" si hesabu. Na makuta ya sherehe yasiguse kasha la kazi za jamii hata kwa kukopa usiku mmoja.

Hotuba siku hiyo iwe moja, dakika 3. Wanachama wapya wasiachwe wakae peke yao mezani: kila mmoja mpe kazi ya kugawa vinywaji pamoja na mwanachama wa zamani.

Kebo ya mita 20 mnayoitafuta iko kwangu. Pita Jumamosi uichukue, na plagi yake uiangalie kwanza, imelegea upande mmoja.

Ni mimi, rafiki yako wa Kamalondo