Shoga, nina shida na chumba chako cha uani

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Saumu,

Asalaam aleikum. Za masiku? Sisi wazima, ila Bi Mkubwa na magoti yake yale yale. Najua umeninunia kwa kimya changu. Nuna baadaye, sasa nisikilize.

Mtoto wa Rehema ana ugonjwa wa moyo. Akilia au akinyonya, midomo na kucha zinageuka zambarau, anahema juu juu. Wakasema degedege, wakasema kijicho, mama mkwe akaja na hirizi. Kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho kilichosema kweli. Daktari akatuchorea nyuma ya karatasi ya dawa: mwanzoni moyoni hutoka mshipa mmoja mnene. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ya mimba hujengeka ukuta ndani yake, unajisokota kama kamba ya katani, ndipo inapatikana mishipa miwili, wa mapafuni na wa mwilini. Kwa huyu ukuta ulikaa upande. Njia ya mapafuni ikawa nyembamba, na tundu likabaki kati ya vyumba vya chini vya moyo, damu isiyo na hewa inavukia humo. Wanaita tetralojia ya Fallot, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888.

Wiki ya 5, Saumu! Rehema hata hajajijua kama ana mimba. Halafu mawifi wanamsema eti alikuwa akienda ufukweni wakati wa magharibi! Nikawauliza, na watoto wa wasiokanyaga ufukweni je? Katika kila watoto mia, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Wakanyamaza, ila yule mkubwa... basi, unamjua.

Juzi kageuka rangi mbele yangu. Rehema akamkunja magoti mpaka kifuani, kama alivyofundishwa, akamshikilia hivyo hivyo hadi midomo ikarudi. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa wamepewa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Wanaziba tundu na kupanua njia ya damu. Rehema Dar hana mtu.

Chumba cha uani bado kitupu, au yule mpangaji mkorofi karudi? Shemeji atakubali? Kutoka kwako Magomeni mpaka Muhimbili asubuhi wapande gari gani? Na mdogo wako bado anafanya kazi pale? Nijibu upesi, hata kwa meseji.

Wako,
Mwanaidi