Mbona Waviking wako hawatavaa nyeusi tupu

Wateja wengi wanaotuletea visanamu vya Waviking, wapiganaji na mabaharia wa kale wa Skandinavia, tuvipake rangi kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani huomba nyeusi: nguo nyeusi, ngao nyeusi, hata viatu. Wengine hutaka tuongeze pembe kwenye kofia. Hizo hatuongezi. Kofia ya chuma ya Gjermundbu, iliyopatikana Norwe mwaka 1943, ni ya karne ya 10; ina kinga ya macho, pembe haina.

Nguo ndizo zinazohitaji maelezo zaidi. Nyeusi iliyokolea haikuwa rahisi kuipata enzi zile. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya mmea wa Rubia tinctorum, buluu kwenye majani ya Isatis tinctoria, njano kwenye Reseda luteola. Ukitia buluu juu ya njano, unapata kijani. Mimea hiyo mitatu ndiyo iliyotia rangi nyuzi za sufu za kitambaa cha Bayeux, tarizi ndefu ya kale inayosimulia vita vya Hastings vya Uingereza vya mwaka 1066, na bado zinapendeza.

Kwa hiyo kikosi chako tunakipaka kwa kufuata chungu cha mtia rangi. Sufu ya kwanza kuchovywa hunywa nyekundu nyingi zaidi; zinazofuata hutoka hafifu, mpaka rangi ya chungwa iliyopauka. Joho la kiongozi linapata ile ya kwanza, wapiganaji wake wanapata zilizofuata, na wa nyuma kabisa wanavaa sufu ya kijivu au kahawia kama ilivyotoka kwa kondoo. Ukiwapanga mezani wanaonekana watu wa kijiji kimoja, bila kuvaa sare. Kwenye mikunjo ya joho tunaweka nyekundu iliyochanganywa na kahawia. Sehemu zinazopata mwanga tunaongeza manjano ya udongo, kamwe si nyeupe, maana nyeupe huigeuza nyekundu kuwa waridi.

Ukipenda nyeusi kweli, iweke kwenye ngao. Meli ya Waviking ya Gokstad, iliyofukuliwa Norwe mwaka 1880, ilikuwa na ngao 64, 32 kila upande, nyeusi na njano kwa kupokezana. Zina kipenyo cha sentimita 94 hivi. Kwenye kisanamu chenye kimo cha milimita 28 ngao hiyo haifiki sentimita 2, na hapo rangi mbili zilizo wazi zinaonekana vizuri kuliko michoro mingi.

Deraya, yaani mavazi ya vita ya pete za chuma zilizounganishwa, tunazipaka nyeusi kwanza, kisha tunapitisha brashi karibu kavu yenye rangi ya fedha ili pete zijitokeze. Deraya ilikuwa ghali, basi usishangae kikosi kikiwa nazo chache.

Visanamu vyote tunaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya rangi ya kwanza, hata vikija vinang'aa. Mafuta ya kiwandani yakibaki, rangi hubanduka kwa kushikwashikwa. Mwisho tunapaka vanishi isiyong'aa.

Unapoagiza, tuambie ni watu gani, karne gani, na nani kiongozi wao.