Mkono unaochelewa kuondoka

Mwenzangu wa dawati moja,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na ile orodha ya wenzetu wa chuo uliyoanza kuikusanya nimeipitia jina kwa jina. Umeniuliza mawili: tukikutana tufanye nini zaidi ya kula na kupiga picha, na miaka yote hii ya elimu maalumu imeniachia nini. Naanza na la pili, maana la kwanza linalitegemea.

Kinachotushinda wengi wetu ni kuuondoa msaada tuliouweka wenyewe. Chukua mtoto mwenye ulemavu wa akili anayejifunza kuvaa suruali ya lastiki. Igawe kazi: ashike kiuno cha suruali kwa mikono miwili, mshono wa nyuma ukiwa nyuma kweli, aingize mguu wa kwanza, aingize wa pili, avute hadi magotini, asimame, avute hadi mapajani, amalizie kiunoni. Hatua saba. Wengi huanza na ya kwanza, mtoto anachoka akiwa ya tatu, mwalimu anamalizia kwa haraka, na kila siku mtoto anajifunza kwamba suruali humalizwa na mtu mwingine. Anzia mwisho. Hatua sita mfanyie wewe, ya saba mwachie yeye, ili kila mara amalize mwenyewe na suruali iwe imevaliwa. Akiifanya peke yake siku tatu mfululizo, mwongezee ya sita. Rudi nyuma hivyo hivyo.

Sasa hapo ndipo mkono wetu unapokwama. Msaada una ngazi zake: mkono juu ya mkono, kugusa kiwiko tu, kuonyesha kwa kidole, kusema, kisha kunyamaza na kusubiri. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kurudi kwenye ngazi yenye msaada zaidi. Sekunde tano ni ndefu sana kwa mwalimu na ni fupi kwa mtoto. Na jihadhari na mdomo kuliko mkono. Mkono ukiuondoa unaona umeondoka, lakini "haya, vuta, vuta tena" hutoka bila wewe kujisikia, na mwisho "vuta" inakuwa sehemu ya kuvaa. Dalili yake ni rahisi kuiona: mtoto anasimama katikati ya hatua na kukutazama usoni. Suruali anaijua. Anachongoja ni sauti yako. Ukiona hivyo, hamia nyuma yake, unyamaze.

Karatasi ya kumbukumbu usiifanye ndefu. Safu saba za hatua, siku tano za wiki, herufi moja kila kisanduku: P kwa peke yake, S kwa sauti, K kwa kidole au kiwiko, M kwa mkono. Safu ikikaa na S wiki mbili, usimlaumu mtoto. Angalia nani amekuwa akisema. Mara nyingi ni msaidizi wa darasa ambaye hakuna aliyemweleza.

Kuhusu yule mwanafunzi wako asiyeona, ambaye unasema tahajia yake imeharibika ghafla, kabla ya kumpa imla nyingine niambie anaandikia nini. Kama ametoka kwenye mashine ya Perkins, ile ya kupiga chapa ya nukta nundu (breli), akaingia kwenye kibao na stailasi, yaani sindano ya kutobolea nukta kwa mkono, nadhani tatizo liko hapo. Mashine inainua nukta upande uleule anaousoma. Kibao kinatobolewa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, na karatasi hugeuzwa ndipo isomwe. Kila herufi ina nafasi sita za nukta katika safu mbili: 1, 2, 3 safu moja, na 4, 5, 6 ya pili. Akisahau kugeuza safu hizo, e (nukta 1 na 5) inakuwa i (2 na 4), d inakuwa f, h inakuwa j, r inakuwa w. Anaandika "hii", wewe unasoma "jee". Kila herufi ni halali, ndiyo maana kosa linajificha na mwalimu anadhani mtoto hajui kuandika. Wa kupimwa ni mkono wake. Mwambie asome kwa vidole alichoandika: akishangaa, tahajia yake ni nzima. Kisha achana na maneno kulia na kushoto. Sema "safu ya kwanza" na "safu ya pili", kwani ile anayoifikia kwanza ndiyo yenye nukta 1, 2 na 3, iwe anasoma au anaandika.

Narudi kwenye mkutano wetu. Tangu Tamko la Salamanca la 1994, lile la kimataifa lililotaka watoto wenye mahitaji maalumu wasome shule za kawaida pamoja na wenzao, elimu jumuishi imesambaa, na naona kwenye orodha yako kwamba wengi wako madarasa ya kawaida, na mwanafunzi mmoja au wawili wenye mahitaji maalumu katikati ya umati. Aliyesomea viziwi amepewa mwenye usonji, aliyesomea wasioona amepewa kiziwi. Basi tusiletewe hotuba. Kila mtu alete karatasi moja ya kitu kilichokataa: hatua alizogawa, herufi alizojaza, na ilipokwama. Dakika kumi na tano kila mmoja, anayejibu awe yule aliyesomea fani hiyo. Watu wanane wanatosha asubuhi moja. Wakizidi, gawanyeni meza mbili.

Majina ya watoto yasiandikwe, wala picha zao zisiingie kwenye kundi letu la simu, hata zile za kupendeza. Mzazi aliyeruhusu picha ya ubaoni hakuruhusu simu arobaini.

Wale walioacha kazi nao waalike. Mtu aliyetoka nje ya darasa huuona mkono wa mwenzake upesi kuliko sisi.

Nitumie tarehe. Vibao viwili na stailasi nitaleta mimi, wewe tafuta karatasi nene, nyepesi hutoboka.

Wako wa siku zote.